Dawa ya Usingizi ya Mitishamba: Anza na Moja

Usingizi ukinipotea, kabla sijagusa mmea wowote naacha chai ya jioni. Kwa watu wazima wengi, takribani saa 5 baada ya kikombe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Sijaona ua wala mzizi unaoishinda chai ya rangi ya saa 12 jioni.

Kisha kamomili. Nanunua maua makavu yenyewe: vijiko viwili vya chai, maji yaliyotoka kuchemka, na kisahani juu kwa dakika 10, maana bila kufunika mafuta yanayonukia hutoka na mvuke. Nakunywa saa moja kabla ya kulala, tena kikombe kidogo, la sivyo haja ndogo itakuamsha usiku wa manane. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti aiache kabisa.

Valeriani ni mzizi wenye harufu kali, kwa hiyo natumia vidonge. Nachagua vyenye valeriani peke yake, lebo ikitaja miligramu za dondoo. Dozi ya kawaida Ulaya ni 400 hadi 600, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Usiitarajie usiku wa kwanza, ipe wiki mbili hadi nne. Kwangu hupunguza kule kugaagaa kitandani, ila ushahidi wake ni dhaifu: mwaka 2017 American Academy of Sleep Medicine ilishauri isitumike kutibu ukosefu wa usingizi sugu. Ndiyo maana naandika kwenye daftari saa niliyolala, mara nilizoamka na hali yangu asubuhi. Mwezi ukiisha bila nafuu, naacha.

Linalonikera ni makopo ya mchanganyiko, mimea sita saba ndani ya kidonge kimoja, na muuzaji anakuhakikishia kwamba cha asili hakidhuru. Soma lebo yote. Ukikuta Hypericum perforatum, yaani St. John's wort, rudisha kopo. Mmea huo huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo hupunguza nguvu ya ARV kadhaa, vidonge vya uzazi wa mpango na warfarin. Hebu fikiria mtu aliyemeza ARV zake kwa uaminifu miaka yote, halafu kiwango cha virusi kinapanda kwa sababu alitafuta usingizi! Kava nayo imehusishwa na madhara ya ini. Ujerumani ilifuta vibali vyake mwaka 2002.

Kwa hiyo kopo lolote jipya nalipeleka kwa mfamasia pamoja na dawa zangu zote, namwuliza kimoja kimoja. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kliniki kwanza. Valeriani usiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, na ukishaimeza usiendeshe gari.

Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nenda kwa daktari. Wahi zaidi kama mwenzako anakwambia unakoroma na pumzi inakatika.