Mtoto Anaposoma "Dada" Badala ya "Baba"

Yuko darasa la tatu. Ukimsimulia hadithi anaishika yote, na akitumwa dukani chenji hairudi pungufu. Lakini mpe kitabu uone: "baba" anasoma "dada", na neno alilolipatia mstari wa kwanza, mstari wa tatu limekuwa geni. Nyumbani anaitwa mvivu, shuleni anachapwa. Huenda mtoto huyu ana disleksia.

Disleksia ni tofauti katika namna ubongo unavyounganisha sauti za maneno na herufi zake. Mara nyingi hurithiwa, na haina uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini kusoma kukamshinda.

Kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, watoto wengi wenye disleksia hatimaye huyapatia maneno, ila kwa kujikokota. Kwa hiyo usihesabu makosa tu, angalia pia kasi. Ziba picha za kitabu vilevile, maana wengine hukariri ukurasa mzima. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa anayeanza. Kukiendelea miaka miwili au mitatu, chukua hatua.

Cha kufanya nyumbani

1. Apimwe macho na masikio kwanza.

2. Anza na sikio. Pigeni makofi kwa kila silabi: ka-la-mu. Muulize, "Tukitoa ka, kinabaki nini?" Akijibu "Lamu", ameanza kuzisikia sauti ndani ya neno.

3. Usifundishe b na d siku moja. Aichore b mchangani kwa kidole huku akiitamka. Akiizoea, ndipo d ifuate. Ch, ny na ng' zije baadaye.

4. Maneno marefu yakate kwenye viungo vyake. "Anakisoma" linatisha, a-na-ki-soma linasomeka.

5. Someni dakika 15 kila siku, mkirudia kifungu kilekile mpaka kiwe chepesi. Aweke rula chini ya mstari asipotee.

Kwa mwalimu

Usimsimamishe ghafla asome mbele ya wenzake. Mwonyeshe kifungu siku moja kabla. Mwongezee muda wa mtihani, na inapowezekana mwulize kwa mdomo. Katika sayansi, sahihisha anachokijua, usimkate alama kwa tahajia.

Disleksia haina kidonge, na fimbo haiiondoi. Fimbo humfundisha mtoto kukichukia kitabu, basi. Akifundishwa hatua kwa hatua, kwa subira, atasoma, hata kama atachelewa kuliko wenzake. Mzazi, jioni ya leo kaa naye mkekani, mwanze na silabi moja.