Wanafunzi Wanaojitolea Vijijini

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kusikia habari za vijana wa ng'ambo wanaokuja Tanzania kwa majuma machache ili kujitolea. Wengine hupaka rangi madarasa, wengine huwafundisha kina mama wenye biashara ndogo namna ya kuweka hesabu. Huku kwetu Ufipa ni nadra kuwaona; huonekana zaidi Arusha, Moshi na Unguja. Nataka kueleza jambo hili lilianzaje, kisha niseme yaliyotupata sisi wenyewe tulipolijaribu.

Mwaka 1958 Mwingereza mmoja, Alec Dickson, pamoja na mkewe Mora, walianzisha chama kiitwacho VSO cha kupeleka vijana nchi za mbali. Wale wa kwanza walikuwa wa umri wa miaka 18 hivi, wametoka shule na hawajaingia Chuo Kikuu. Yaani wananizidi mimi mwaka mmoja tu! Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani naye akaanzisha Peace Corps, na moja ya makundi yake ya kwanza lilikuja Tanganyika mwaka huo huo. Lakini hao walikuwa wapima ardhi, mainjinia na wataalamu wa miamba, wakaja kusaidia kazi ya barabara. Tofauti hii yafaa kuangaliwa. Mpima ardhi akija, kazi yake yajulikana. Kijana aliyetoka shule akija, hapana budi kwanza ajulikane anaweza nini.

Desemba iliyopita, tulipomaliza Kidato cha Tatu, sisi wanne tunaosoma masomo ya biashara tulikwenda siku tano katika kijiji kimoja upande wa Laela. Huko tulimsaidia mama mmoja mwenye duka dogo la chumvi, sukari, sabuni na dagaa. Tulichukua daftari jipya tukalipiga mistari: mauzo, manunuzi, matumizi, madeni. Nadhani tulijiona kama wakaguzi wa Serikali. Mama hakuwa na daftari lolote, lakini wadaiwa wake 11 aliwataja kwa kichwa bila kusita. Tulipojumlisha tulipata shilingi 64,000, na mtaji wake wote haukufika 200,000. Tukamwambia, "Mama, madeni haya yataua duka. Usimkopeshe mtu tena mpaka walipe fedha." Akajibu, "Haya wanangu, ninyi ndio mliosoma."

Hapa yanipasa kueleza kidogo kilimo cha Ufipa kwa wasomaji wa mikoa mingine. Tangu zamani Wafipa hulima kwa ntumba, yaani matuta ya mviringo kama vilima vidogo. Mvua ikiisha kulainisha ardhi, majani hukusanywa na kufunikwa kwa udongo, yakaoza ndani yakawa mbolea. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta huvunjwa, udongo wake husambazwa, na mahali pale hupandwa ulezi au mahindi. Kazi hii kwa jembe la mkono ni nzito sana, tena wakati wake ni mfupi, maana ardhi ikikauka haichimbiki. Mtu peke yake ni shida kumaliza shamba lake.

Basi wale wadaiwa ndio waliokuwa wakimlimia mama yule. Aliyekopa kilo ya sukari Desemba hulipa mvua zikikolea, kwa idadi ya ntumba waliyopatana. Katika daftari letu zuri hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, wala hatukuliuliza.

Nilipita kwake tena likizo ya Juni. Hakunilaumu, alinikaribisha vizuri, tukala ugali wa ulezi. Nilipomwuliza habari za madeni, akasema, "Sita walilipa fedha, mwanangu. Lakini nilipowaita Februari, walikuwa wakilima shamba la mwenye duka la pili. Yeye aliendelea kuwakopesha." Zaidi ya nusu ya shamba lake lilikuwa nyasi tupu. Maharage aliyovuna yalikuwa debe mbili, na mwaka uliotangulia alipata debe saba. Fedha zile alizolipwa zilikwisha katika kununua chakula.

Mwenzangu mmoja husema kosa letu ni kukaa siku tano tu. Mimi sikubaliani naye. Hata tungalikaa miezi mitatu na hesabu zile zile, tungalimwambia neno lile lile. Hesabu yetu ilikuwa sahihi; kilichokosekana ni swali moja, "Mama, hawa hukulipaje?" Kuliuliza kungalichukua muda mfupi kuliko kupiga ile mistari.

Siku ile ya Juni tulilitoa daftari tena, nikaongeza safu ya tano, nikaiandika NTUMBA. Mama alinitajia watu saba aliowakopesha upya, na kila mmoja idadi yake: 20, 35, 40. Aliniambia niandike kwa penseli, kwa sababu mvua zikichelewa huwapunguzia.