Mwenza wa Askari Anayekunywa Kupita Kiasi: Msaada kwa Njia ya Simu kwa Familia za Musoma, Bunda na Butiama

Watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Mara wanamfahamu mama huyu, ingawa kadi yake haitaji tatizo lake halisi. Huja na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, na wakati mwingine jeraha analosema amelipata kwa kuanguka. Hupewa dawa ya maumivu, hurudi nyumbani, na baada ya majuma matatu huwa yupo tena kwenye benchi. Akiulizwa kwa upole anaishi na nani na hali ya nyumbani ikoje, ndipo hubainika kwamba mumewe ni askari, amerudi likizo au amehamishiwa karibu, na kwamba tangu arudi pombe imeshika nyumba.

Jibu analopewa mara nyingi ni fupi: "Mwambie mzee aje mwenyewe." Mzee haji. Makala haya yanaeleza kwa nini mama huyo anastahili kuhudumiwa hata kama mumewe hatakanyaga kituoni, kwa nini simu ni njia inayofaa kumfikia, na ni mambo gani hasa anapaswa kufundishwa. Ninasema "mama" kwa sababu ndiyo hali inayoonekana zaidi. Wapo pia askari wanawake wanaokunywa na waume wanaohangaika, na yote yafuatayo yanawahusu.

Ugumu wa nyumba ya askari

Mara ina historia ndefu ya utumishi wa kijeshi. Vijana wa huku walijiandikisha tangu enzi za King's African Rifles, na Butiama ndiko alikozaliwa Jenerali David Musuguri, aliyeingia jeshini mwaka 1942, akaongoza wapiganaji katika vita vya Uganda mwaka 1979, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Leo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Rwamkoma iko wilayani humo humo. Katika jamii ya namna hii sare ni heshima ya ukoo mzima, na mke anayemlalamikia mvaaji wake huonekana ameulalamikia ukoo. Lipo pia jambo la riziki. Ulevi ni kosa la kinidhamu jeshini, na mshahara unaopotelea kwenye pombe ndio huo huo unaolipa ada na kununua unga. Mke akienda kwa mkuu wa kikosi, huenda akaiangusha nyumba aliyokusudia kuiokoa.

Utengano nao una sehemu yake. Askari hupangiwa vituo mbali na familia kwa miezi au miaka, na wengine wamewahi kupelekwa kulinda amani nje ya nchi: Darfur, Lebanoni, mashariki mwa Kongo. Huko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, shambulio moja katika kambi ya Semuliki liliua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14. Anayetoka mahali kama hapo anaweza kurudi na kiwewe, yaani ndoto za kutisha, kushtuka mlango ukigongwa, hasira ya ghafla na moyo uliokufa ganzi mbele ya watoto wake mwenyewe. Pombe humletea usingizi wa haraka, kisha huukatiza kabla ya alfajiri na kumwacha na wasiwasi mkubwa kuliko wa jana, naye hunywa tena kuutuliza. Askari anayesema "nakunywa ili nilale" anaeleza dalili, na mtoa huduma anapaswa kuisikia hivyo.

Yaliyothibitishwa na utafiti

Nchini Marekani, Robert Meyers na wenzake walitengeneza mbinu ya kumfundisha mwanafamilia badala ya kumsubiri mnywaji. Mbinu hiyo hujulikana kwa kifupi kama CRAFT. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafamilia 130 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa mbinu hiyo, na asilimia 64 ya wanywaji wao waliingia kwenye matibabu. Kundi la pili liliandaliwa kufanya kikao cha familia cha kumkabili mnywaji kwa pamoja na kumweleza madhara yake. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 30. Kundi la tatu lilielekezwa kwenye vikundi vya kufarijiana vya ndugu wa walevi, ambavyo kwa kweli havina lengo la kumleta mnywaji hospitalini, na idadi ilikuwa asilimia 13.

Takwimu ya kikao cha familia inatuhusu moja kwa moja. Kwetu hatua ya kwanza huwa kuwaita wazee, kumweka mtu katikati na kumsomea makosa yake. Katika utafiti ule familia nyingi ziliogopa na hazikukifanya kikao chenyewe. Huku kwetu kikao hufanyika, na kwa maoni yangu askari aliyeaibishwa mbele ya wadogo zake hutoka pale akielekea kilabuni. Wazee wana kazi nyingine nzuri zaidi, nitaitaja baadaye.

Mbinu hiyo baadaye ilipelekwa kwenye intaneti kwa ajili ya wenzi wa wanajeshi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha wenzi 312, nao walisoma masomo manne mafupi mtandaoni, kila mmoja kwa wakati wake na kwa siri. Wasiwasi wao ulipungua, na wakajiona wana watu wa kuwategemea. Faida hiyo ya kwanza ni ya mwenza mwenyewe, na inatosha kuwa sababu ya kumhudumia. Hapa nchini, mradi wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ulioendeshwa katika idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC mjini Moshi, uliunganisha mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa na ujumbe wa simu unaofuata baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Kwa hiyo unasihi wa pombe kwa Kiswahili na kwa simu ya kawaida si jambo la kuanzia hewani. Mnasihi wa Musoma mwenye simu ya kituo na saa moja kwa juma anaweza kumhudumia mama wa Bunda au Butiama bila mama huyo kulipa nauli wala kuaga mtu.

Mambo ya kufundisha

Kazi huanza kwa kuchora ramani ya unywaji. Mwombe mwenza akumbuke majuma mawili: siku gani alikunywa, wapi, na nani, nini kilitangulia, na siku gani hakunywa. Siku za mwisho ndizo zinazosahaulika, nazo ndizo zenye dawa. Mara nyingi hugundua kwamba juma la mshahara ni tofauti na majuma mengine, au kwamba mume hakunywa Jumapili ile kaka yake alipokuja kujenga banda. Afahamu pia vipimo. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi, sawa na vipimo viwili katika hesabu ya Shirika la Afya Duniani. "Chupa tatu tu" ni vipimo sita. Gongo haina kipimo kinachojulikana, na ikichanganyika na methanoli huweza kupofusha au kuua.

Baada ya hapo ni namna ya kusema, na hapa mnasihi atumie muda wake mwingi. Mke aliyekesha akisubiri husema yote mlangoni, saa saba usiku, kwa mtu ambaye ubongo wake hauwezi kuhifadhi maneno hayo hadi asubuhi. Ugomvi hutokea, ujumbe haufiki. Afundishwe kungoja saa za utimamu, aseme kwa ufupi, ataje jambo moja, aseme anavyojisikia badala ya kumpa mume jina, na akiri sehemu yake. Kwa mfano: "Baba Bhoke, juzi ulipokaa na watoto mpaka wakalala nilifurahi sana. Jana usiku niliogopa, sikupata usingizi. Najua nami huwa napiga kelele. Naomba kesho jioni ule nasi nyumbani." Mazoezi yafanyike kwenye simu hiyo hiyo: mnasihi awe mume, mama aseme, warudie hadi sauti iache kutetemeka. Mara ya kwanza wengi hucheka. Mara ya pili huanza kulia, na mnasihi asiharakishe.

Jambo linalofuata ni gumu kueleweka, kwa kuwa huonekana kama kumbembeleza mkosaji. Mume akiwa hajanywa, nyumba iwe mahali pa kupendeza: chakula anachokipenda, mazungumzo, watoto karibu. Akiwa amekunywa, mke ajiondoe bila ugomvi, akalale na watoto chumba kingine. Tena aache kuificha pombe gharama zake. Nguo zilizochafuliwa si lazima zifuliwe kabla hajaamka kuziona. Mke asimpigie kiongozi wa kikosi kusema mume ana malaria. Asikope dukani kuziba pengo la mshahara ulionyweka bila mume kujua deni lipo. Mipaka ya ushauri huu ni ya lazima: asifanye lolote litakalowakosesha watoto chakula au kumletea kipigo, na mlevi asiyeamka asiachwe chali, alazwe kwa ubavu na kuangaliwa pumzi, asipoitikia akitikiswa, apelekwe hospitali.

Wazee na ndugu waingie hapa. Baba mkwe au kaka anayeheshimika anaweza kumwita mume mashambani siku ya mshahara, akamshughulisha, akala naye. Hilo lina manufaa kuliko hotuba.

Mwenza naye ana maisha yake. Aulizwe amelala vipi, ana rafiki gani aliyeacha kumtembelea, kikundi gani cha kuweka na kukopa alichokitoroka kwa aibu. Aulizwe waziwazi kama amewahi kufikiri kujidhuru. Sonona na wasiwasi vya mwenza vitibiwe kama ugonjwa wake, siyo kama kivuli cha ugonjwa wa mtu mwingine.

Usalama wa simu

Swali la kwanza kabla ya somo lolote ni hili: "Simu hii unaitumia peke yako? Nani mwingine anaifungua?" Wapo wanaotumia simu moja na mume, na wapo ambao mume anajua namba yao ya siri. Kubalianeni saa ya kuongea na neno la kukatisha mazungumzo, kwa mfano "nyanya zimeisha." Mama abipu kwanza, mnasihi apige, mnasihi asipige bila kubipiwa. Ujumbe wa kwanza usitaje pombe, hospitali wala jina la mume. Ujumbe uliosomwa ufutwe. Mwenye kitochi hana upungufu wowote hapa, kwa kuwa sauti ndiyo hufanya kazi kubwa. Kwenye daftari la kituo usiandikwe wadhifa wala kikosi cha mume, maana havihitajiki kwa tiba.

Wengi hupendekeza kundi la WhatsApp la wake wa askari. Siliungi mkono kwa wanawake wa kambi moja. Siri ya Jumatatu huwa imefika kantini Jumatano.

Kukiwa na kipigo, vitisho vya kuua, au silaha ndani ya nyumba, iwe bunduki au panga lililowahi kuinuliwa, mafunzo ya namna ya kusema yasubiri. Panga naye mahali pa kukimbilia, nani atashika watoto, na nyaraka zipi ziwekwe kwa mtu anayeaminika. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Usimwunganishe mume kwenye simu kwa ajili ya "kupatanisha" katika hali hii. Anayepigwa hataweza kusema ukweli akiwa amekaa pembeni ya anayempiga.

Siku mume anapokubali

Kukubali huja ghafla, mara nyingi asubuhi ya aibu, na hudumu kwa muda mfupi. Kwa hiyo mwenza awe anajua mapema aende wapi, siku gani, amuulize nani, na aseme sentensi moja tu: "Twende leo, nitakusindikiza." Kituoni atumie dodoso la AUDIT lenye maswali 10. Alama 8 au zaidi huonyesha unywaji wa hatari, na 20 au zaidi huashiria kuwa huenda tayari kuna utegemezi.

Familia isimfungie ndani mtu anayekunywa kila siku ili aache. Anayetetemeka au kutoka jasho asubuhi hadi azimue, mwili wake umeshaitegemea pombe, na kuikata ghafla kunaweza kuua. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuja kuweweseka, kuona visivyokuwepo na homa. Huyo ni mgonjwa wa kulazwa, na mjini Musoma Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ndiyo ya kumpeleka. Hupewa diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, na thiamini, yaani vitamini B1, itangulie dripu yoyote ya glukosi. Majirani wakisema amerogwa, wasicheleweshe gari kwa kutafuta mganga.

Akiruhusiwa, likizo yake huenda imekwisha na atarudi kituoni mamia ya kilomita kutoka Bunda. Hapo mke na mume huendesha ndoa kwa simu, na mnasihi anaweza kuwafuata wote wawili, kila mmoja kwa namba yake na kwa saa yake. Mume aulizwe kuhusu usingizi kabla ya kuulizwa kuhusu pombe. Miito ya kwanza iwe ya kila juma kwa miezi mitatu, na mmoja kati ya hiyo uangukie siku mbili kabla ya mshahara kuingia.