SOMO: Mtoto Mwenye Usonji Asiyelala Usiku

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, ili hata asiyejua kusoma afaidike.

Zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji wana shida ya usingizi. Wengine hukawia kulala, wengine huamka saa nane usiku na kuanza kucheza au kutoka nje. Huu si utundu, wala si mapepo. Kumchapa au kumfunga kamba hakuleti usingizi, kunamwongezea hofu tu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na kwa umri wake usingizi huchelewa kumjia.

1. Tafuteni sababu. Kwa majuma mawili andikeni katika daftari: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, amekula nini jioni. Mtoto asiyeweza kusema hatakuambia jino linamuuma. Basi chunguzeni: Amefunga choo? Anajikuna kwa sababu ya minyoo au upele? Blanketi linamwasha? Akikoroma na pumzi kukatika, au akikakamaa na kutetemeka usingizini, mpelekeni hospitali upesi pamoja na daftari lile. Kifafa huwapata wengi wenye usonji.

2. Pangeni mchana wake. Acheze, atembee, asaidie kuchota maji. Kuanzia alasiri asinywe chai ya majani wala soda ya kola, maana hufukuza usingizi. Uji ni bora. Simu na televisheni zizimwe mapema kabla ya kulala.

3. Fuateni utaratibu ule ule kila usiku: kula, kuoga, kuomba, kulala. Mchoreeni picha nne ukutani azifuate. Akiamka, mrudisheni kitandani bila maneno mengi. Kazi hii huchukua majuma, msikate tamaa.

ONYO: Msimpe dawa ya mafua au ya usingizi ili alale, isipokuwa daktari ameagiza.

Na mama je? Asiyelala miezi mingi naye huugua. Kikundi kinaweza kupanga zamu ya kumkalia mtoto alasiri, mama apate kupumzika.

Maswali ya kujadili:
(a) Ni nani kati yetu ana mtoto wa namna hii? Tumemtembelea?
(b) Nani atashika zamu ya kwanza, na siku gani?