Kabla ya Kumlaumu Mfanyakazi: Mwongozo kwa Wasimamizi

Mwongozo huu unamhusu kila anayesimamia kazi za wengine, awe kiwandani, ofisini, hospitalini au dukani. Msingi wake ni mafundisho ya W. Edwards Deming (1900–1993), mtakwimu wa Marekani na mshauri wa uongozi wa biashara. Mwaka 1950 aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani udhibiti wa ubora. Mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Kwao Marekani alianza kusikilizwa sana mwaka 1980, akiukaribia umri wa miaka 80.

Hoja yake kuu ni kwamba makosa mengi kazini hutokana na utaratibu wa kazi wala si uzembe wa mtu. Katika semina zake alitumia sanduku la shanga ambamo moja kati ya kila tano ilikuwa nyekundu. Washiriki walichota shanga 50 kwa kibao chenye matundu, bila kuchagua, na kila nyekundu ilihesabiwa kuwa bidhaa mbovu. Deming, akiigiza meneja, aliwasifu waliopata chache, akawakaripia na hata kuwafukuza waliopata nyingi. Nyekundu hazikukoma kutoka, kwani zilikuwamo sandukuni tangu mwanzo.

Msimamizi afuate hatua hizi:

1. Weka kumbukumbu za makosa kila siku kabla ya kuhukumu. Yakipanda na kushuka kidogo kidogo na kuwapata wengi, kagua utaratibu. Tukio la kipekee lishughulikie peke yake.

2. Waulize wanaoifanya kazi. Mashine chakavu na maelekezo yanayopingana huyaona wao kwanza. Usimwadhibu anayeleta taarifa mbaya. Woga huzaa takwimu za uongo.

3. Usinunue kwa kutazama bei pekee. Malighafi duni hulipiwa tena kwenye marekebisho.

4. Usiweke lengo la idadi bila kuonyesha njia ya kulifikia.

5. Badili kwa majaribio: panga, jaribu sehemu ndogo, chunguza matokeo, kisha tekeleza au panga upya.

Anayevunja kanuni kwa makusudi achukuliwe hatua za nidhamu kwa mujibu wa sheria. Lakini kosa linalojirudia kwa watu tofauti katika nafasi ileile halimalizwi na barua ya onyo. Wa kulimaliza ni meneja, maana ndiye anayeidhinisha manunuzi, ratiba na mafunzo.