SOMO LA AFYA: MISHIPA INAYOVIMBA NDANI YA TUMBO



Mzee mmoja upande wa Bungoma alitapika damu karibu nusu beseni. Watu wa boma wakakaa siku mbili wakibishana ni nani amemroga. Alipofikishwa hospitali damu ilikuwa imemwishia. Tulimzika Jumamosi. Kwa hivyo somo la kuku litangoja.

Damu inayotoka tumboni, kwa utumbo na kwa wengu hupitia mshipa mmoja mkubwa kuingia kwenye ini. Ini likijaa makovu, njia huziba. Ni kama mfereji wa shamba ukizibwa na matope: maji hutafuta kando. Damu nayo hurudi kwa vimishipa vya umio, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vinavimba kama kamba, vinakuwa vyembamba ngozi, na siku moja vinapasuka. Kabla ya hapo haviumi.

Makovu yanatoka wapi? Chang'aa ya miaka mingi (najua hapa wengine watafunga gazeti). Hepataitisi B pia; watoto wachanga wanachanjwa tangu 2001, lakini sisi wakubwa wengi hatukuchanjwa. Tena kichocho cha matumbo, kilichojaa kandokando ya Ziwa Victoria, wanakokwenda ndugu zetu kutafuta samaki. Hicho kina dawa, prazikwanteli, na mapema ndiyo bora.

Ukiona tumbo linajaa maji, au kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto, nenda hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, uulizie altrasaundi. Mara chache sana ule mshipa mkubwa wenyewe huonekana umetokeza kama puto. Usipoleta shida, mara nyingi daktari huufuatilia kwa picha tu, hakimbilii kisu. Umio huangaliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na mishipa ya hatari hufungwa kwa vipira vidogo. Wengine hupewa propranololi ya kila siku; usiache mwenyewe kwa sababu umepata nafuu. Aspirini na brufeni za dukani, hapana.

Kutapika damu, au choo cheusi kama lami, ni safari ya usiku huo huo. Watu wawili watatu wa kutoa damu waandamane na mgonjwa. Akitumwa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, kutoka Kitale ni kama kilomita 70.

Maswali ya kikundi: Mweka hazina wenu anaweza kutoa pesa ya gari saa nane usiku bila kikao? Namba ya mwenye gari anayo nani?