Choroko Zangu Zinanuka

SWALI: Mara mbili nimejaribu kuotesha choroko za kachumbari. Siku ya pili zinateleza na kunuka. Nakosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Nahisi unaziacha ziogelee. Choroko huhitaji kulowekwa usiku mmoja tu. Baada ya hapo zinataka unyevu na hewa, si maji. Kwanza chambua, utupe zilizovunjika, maana hizo ndizo huanza kuoza. Ukishamwaga maji, zitie kwenye chupa ya mdomo mpana, funga kitambaa chepesi, uiinamishe ili ichuruzike. Suuza asubuhi na jioni, na kwa joto la Tanga, mchana pia. Siku ya pili au ya tatu mikia itakuwa imetoka vizuri. Zile, au ziweke kwenye friji.

Mbegu za duka la pembejeo usiguse, nyingi zimetiwa dawa. Maharage mekundu nayo hayaliwi mabichi hata yakichipua: yana sumu inayotaka kuchemshwa sawasawa.

Sasa kuhusu watoto. Joto lile linalootesha choroko hukuza na bakteria, hata chupa ikiwa safi, kwa sababu vijidudu huweza kuja na mbegu yenyewe. Mwaka 2011 huko Ujerumani, mbegu za uwatu zilizooteshwa zilihusishwa na mlipuko ulioua watu zaidi ya 50. Kwa hiyo wanao, wajawazito na wazee wapikie kabisa. Mimi huzichemsha, zikipoa nachanganya na kitunguu, nyanya na ndimu. Nyumbani wananung'unika kwamba hazilii tena mdomoni. Wanamaliza sahani, lakini.